Stimpanki: utanzu wa mvuke na shaba, ulikotoka, mashine zake na ugomvi wake

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Picha ya mtu aliyevaa kofia ndefu nyeusi iliyobandikwa gia mbili na miwani ya fundi ikisambaa mtandaoni, chini yake huandikwa kwamba hiyo ndiyo stimpanki, na mazungumzo huishia hapo. Nimeona ni vyema niuandike uzi huu kwa kirefu, kwa sababu utanzu huu una historia yake, una fizikia yake na una ugomvi wake wa kisiasa, na anayeufahamu kwa mavazi tu hupitwa na sehemu iliyo tamu zaidi. Nitaeleza ulikotoka, jinsi mashine zake zinavyofanya kazi, na kipimo ninachokitumia mwenyewe kupambanua kazi nzito na mapambo. Kipimo hicho nakitaja mapema ili mnihukumu kwacho: ninapokutana na mashine yoyote ya stimpanki, iwe katika riwaya, filamu au juu ya meza ya fundi, nauliza inaendeshwa na nini, na ni nani anayekoka moto wake.

Stimpanki ni tawi la bunilizi za kisayansi linalochukua teknolojia ya karne ya 19, yaani injini ya mvuke, gia, springi, telegrafu na chuma cha kusubu, kisha kuiacha ikue mpaka mahali ambapo katika historia halisi haikufika. Katika ulimwengu wake kompyuta zipo, ila hukokotoa kwa magurudumu ya shaba yenye meno. Safari za angani zipo, ila abiria huning'inia chini ya puto refu lenye rafadha. Barua huruka kutoka ofisi moja hadi nyingine ndani ya mabomba ya hewa iliyoshindiliwa. Petroli, plastiki na elektroniki ama hazijagunduliwa ama zimebaki pembeni. Mandhari yake ya asili ni Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, lakini leo zipo kazi zilizowekwa Misri, Kongo, Marekani na katika dunia za kubuni zisizofanana na ramani yoyote tunayoijua.

Kwa nini karne hiyo hasa? Kwa sababu imejaa njia panda za kweli, mahali ambapo historia ilikaribia kabisa kushika njia nyingine. Mfano ulio bora ni wa Charles Babbage. Mwaka 1822 alionyesha kielelezo kidogo cha mashine ya kukokotoa majedwali ya hisabati, aliyoiita Injini ya Tofauti, ili kuondoa makosa ya watu waliokuwa wakiyakokotoa kwa mkono. Serikali ya Uingereza ilimfadhili kwa miaka mingi na kutumia takribani pauni 17,000 kabla ya kujitoa mwaka 1842, mashine ikiwa haijakamilika. Wakati huo Babbage mwenyewe alikwisha kuhamia kwenye wazo kubwa zaidi, Injini ya Uchanganuzi, ambayo ingekuwa na sehemu ya kuhifadhi namba na sehemu ya kuzikokotoa, na ingepokea maagizo kwa kadi zilizotobolewa, mbinu iliyoazimwa kutoka kwenye mtambo wa kufumia vitambaa wa Joseph Marie Jacquard. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo marefu kuhusu mashine hiyo, yakiwemo maelekezo ya hatua kwa hatua ya kukokotoa namba za Bernoulli, mfuatano wa namba unaojulikana sana katika hisabati. Kompyuta, kwa maana tunayoielewa leo, ilikuwa imefikiriwa kikamilifu takribani miaka 100 kabla ya kujengwa.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalikuwa ndoto za kwenye karatasi, kwamba mafundi wa wakati ule wasingeweza kuzichonga gia kwa usahihi uliotakiwa. Jumba la makumbusho ya sayansi la London lilijibu hoja hiyo kwa vitendo. Lilichukua michoro ya Injini ya Tofauti Namba 2, ambayo Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849, likaijenga kwa kujizuia kutumia usahihi uliozidi uwezo wa karakana za zama zake, na sehemu ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe. Mtambo wa kuchapia matokeo uliongezwa baadaye. Mashine nzima ina vipande vipatavyo 8,000 na uzito wa takribani tani 5, na inatoa majibu sahihi. Ninapoifikiria mashine hiyo ikizunguka, naelewa kwa nini kundi zima la waandishi liliamua kuishi ndani ya swali la "ingekuwaje kama".

William Gibson na Bruce Sterling walilijibu swali hilo mwaka 1990 katika riwaya ya The Difference Engine. Wanatupeleka London ya mwaka 1855, ambako Babbage amefanikiwa, injini zake kubwa zinaendeshwa kwa mvuke, na serikali ina kumbukumbu za raia kwenye kadi zilizotobolewa. Uzuri wa riwaya hiyo ni kwamba haiishii kuistaajabia mashine. Inauliza dola hufanya nini pale inapopata uwezo wa kumfahamu kila mtu, swali ambalo sisi wa karne hii tunaliishi.

Njia panda nyingine inahusu mvuke wenyewe, na hapa naomba subira yenu kidogo, kwa kuwa bila kuielewa injini huwezi kuuelewa utanzu. Maji yanapochemka katika kanieneo (presha) ya kawaida ya hewa, mvuke wake huchukua nafasi takribani mara 1,700 ya ile iliyochukuliwa na maji. Ukiufungia ndani ya boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji, unatafuta pa kutokea. Ukiupa njia moja tu, ndani ya silinda, unaisukuma pistoni, na fimbo iliyounganishwa na gurudumu huligeuza sukumo hilo kuwa mzunguko. James Watt, kwa hataza yake ya mwaka 1769, alitenganisha chumba cha kupoozea mvuke na silinda, na kiasi cha makaa kilichohitajika kwa kazi ileile kikapungua sana. Hata hivyo, joto jingi liliendelea kupotea. Garimoshi la kawaida la mvuke lilibadili chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya makaa yake kuwa mwendo. Iliyobaki ilipaa pamoja na moshi.

Zaidi ya upotevu huo kuna uzito: boila, maji, makaa, na mtu wa kuyachochea. Mnamo Septemba 1852 Henri Giffard alipaa kutoka Paris chini ya puto lenye urefu wa mita 44 lililosukumwa na injini ya mvuke ya nguvu za farasi 3. Alisafiri kilomita 27 hadi Trappes, akafaulu kuligeuza puto lake huku na huku, lakini hakuweza kurudi alikotoka kwa kuwa upepo ulimzidi nguvu. Kila mwandishi anayeweka angani meli ya mvuke yenye vyumba vya kulala na ukumbi wa dansi anapambana na kilomita zile 27, awe anajua au hajui. Mwandishi mzuri hubuni gesi mpya, madini ya ajabu au aina nyingine ya boila, kisha huheshimu kanuni ya kitu alichokibuni hadi mwisho. Mwandishi mvivu huifanya meli ipae tu.

Mvuke ulikuwa na ushindi wake pia, na si mdogo. Mwaka 1906, kwenye ufukwe wa Florida, gari la mvuke la Stanley lilivuka kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo hakuna gari la aina yoyote lililokuwa limeifikia. Posta ya mabomba ya hewa ya Paris ilianza mwaka 1866 na kuendelea hadi 1984. Teknolojia hizi hazikushindwa kwa sababu zilikuwa za kipuuzi. Zilipitwa na vitu vyepesi au vya bei nafuu zaidi, na stimpanki huanzia pale ambapo hazikupitwa.

Sasa nizungumzie jina na waasisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 walikuwepo marafiki watatu huko California, K. W. Jeter, Tim Powers na James Blaylock, waliokuwa wakiandika hadithi za ajabu zilizowekwa katika London ya zamani. Jeter alitoa Morlock Night mwaka 1979, Powers akatoa The Anubis Gates mwaka 1983, na Blaylock akatoa Homunculus mwaka 1986. Mwaka 1987, katika barua kwa Locus, jarida la habari za bunilizi za kisayansi, Jeter alipendekeza kundi lao lipewe jina litokanalo na teknolojia ya enzi waliyoiandikia, kwa kuigiza jina la saibapanki, utanzu wa hadithi za kompyuta na mitandao ya wakati ujao, lililokuwa likivuma wakati huo. Jina likashika. Ajabu ni kwamba vitabu hivyo vya mwanzo havikuwa na mvuke mwingi. The Anubis Gates, kwa mfano, inampeleka msomi wa kisasa London ya mwaka 1810, kabla Victoria hajazaliwa, na nguvu inayoitawala ni uchawi wa Kimisri.

Kilichowaunganisha watatu hao kilikuwa kitabu cha uchunguzi. Jeter alikuwa amekutana na London Labour and the London Poor cha Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyezunguka katika mitaa ya London akiwahoji wazoa taka, wauza maua, watoto waliopekua matope ya mto Thames, na watu walioishi kwa kuokota kinyesi cha mbwa na kukiuza kwa viwanda vya ngozi vya Bermondsey, ambako kilitumika kulainishia ngozi. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1851, mwaka uleule ambapo watu zaidi ya milioni 6 walimiminika Hyde Park kuyaona Maonyesho Makuu ndani ya jumba la chuma na vioo lililosanifiwa na Joseph Paxton. Jiji moja, mwaka mmoja, mashine zinazong'aa huku na mwokota kinyesi kule. Ninaamini kwamba stimpanki ilizaliwa kati ya hayo mawili, na kwamba kazi inayobeba upande mmoja tu haijakamilika.

Kuhusu Jules Verne na H. G. Wells, waandishi wa bunilizi za kisayansi wa karne ya 19 ambao kila orodha huwataja kama waanzilishi, ningependa kuweka tofauti. Hao waliandika kuhusu wakati wao wenyewe na wakati ujao. Mashine zao zilikuwa za kisasa kuliko za wasomaji wao. Stimpanki hutazama nyuma. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba Nautilus, nyambizi maarufu ya Kapteni Nemo, kitabuni haiendeshwi kwa mvuke hata kidogo: Verne aliipa umeme, kwa sababu mwaka 1870 umeme ndio uliokuwa ndoto. Sura ya chuma kilichopigwa ribiti tunayoihusisha nayo ilitokana zaidi na filamu ya Disney ya mwaka 1954. Verne pia alimpa Nemo asili ambayo filamu nyingi huisahau: katika riwaya ya baadaye anafichuliwa kuwa mwanamfalme wa Kihindi, Dakkar, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa India wa 1857 na kuipoteza familia yake. Fundi mkuu wa utanzu huu, kwa hiyo, ni adui wa himaya. Jambo hili nitalirudia.

Karibuni tuchangie. Sehemu ya mtindo na ufundi naiandaa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mwanzisha uzi, ahsante kwa darasa. Naomba niongeze jambo moja kutoka upande wa boila, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea na ndiyo mahali ambapo watu wa mapambo hukosea zaidi.

Geji ya presha, yaani kipimo cha kanieneo, na vali ya usalama, yaani tundu linalojifungua kutoa mvuke unapozidi, havikuwekwa kwenye boila ili ipendeze. Maji yaliyo chini ya kanieneo kubwa huwa na joto linalozidi nyuzi 100 bila kuchemka. Ukuta wa boila ukipasuka, kanieneo hushuka ghafla, na sehemu kubwa ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja. Hapo ndipo mlipuko hutokea, na ndiyo sababu boila yenye maji mengi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo Aprili 1865 maboila ya meli ya Sultana yalilipuka katika mto Mississippi, meli ikiwa imejazwa askari waliotoka kifungoni kupita kiasi chake mara kadhaa, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Muda mfupi kabla, boila mojawapo ilikuwa imezibwa kiraka cha haraka ili safari isichelewe.

Kwa hiyo ninapoona kwenye filamu shujaa akiifunga vali ya usalama ili meli iongeze kasi, sioni ushujaa. Naona mtu anayeweka rehani maisha ya wachochea moto walio chini, ambao kamera haijawaonyesha. Mwandishi akilijua hilo, tendo hilohilo linaweza kuwa sura nzito kuliko zote kitabuni.

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, mchango huu umekamilisha nilichokusudia kusema, na umekisema kwa ujuzi nisiokuwa nao. Geji ile ambayo wengi huishona kwenye mkono wa koti ilikuwa jicho la mtu ambaye maisha yake yalitegemea mshale mmoja.

Niendelee basi na mtindo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 stimpanki imekuwa zaidi ya fasihi. Mafundi wa nyumbani walianza kuvua plastiki ya kompyuta na kibodi zao na kuzivika mbao, ngozi, shaba nyekundu na shaba ya njano. Washonaji wakachukua korseti, vizibao, magauni mapana na makoti marefu ya enzi ya Victoria na kuyachanganya na mikanda ya vifaa vya kazi. Kuanzia Oktoba 2009 jumba la makumbusho ya historia ya sayansi la Chuo Kikuu cha Oxford liliandaa maonyesho ya kazi za wasanii wa mtindo huu kwa miezi kadhaa. Mji wa Lincoln huko Uingereza huwa na tamasha kubwa la kila mwaka, na Oamaru, mji mdogo wa New Zealand wenye majengo mengi ya mawe meupe yaliyobaki tangu karne ya 19, umeifanya stimpanki kuwa sehemu ya utambulisho wake.

Ukiniuliza msingi wa mtindo huu ni nini, nitasema ni kuonekana kwa utendaji. Simu ya leo ni kipande cha kioo kisichokueleza chochote kuhusu kinachotendeka ndani yake. Mashine ya karne ya 19 ilikuwa wazi: ungeweza kusimama mbele yake na kwa macho yako kufuata nguvu kutoka kwenye moto hadi kwenye gurudumu. Skurubu zilikuwepo ili zifunguliwe. Nadhani hamu ya watu wa leo kwa stimpanki inatoka hapo zaidi kuliko kwenye mapenzi ya mambo ya kale. Ni hamu ya kitu ambacho mtumiaji anaweza kukielewa na kukitengeneza mwenyewe.

Ndiyo maana gia iliyogundishwa kofiani bila kugusana na gia nyingine yoyote hunisikitisha. Simdharau aliyeivaa, kwa maana kila mtu ana mahali pa kuanzia, lakini gia ni meno yanayopokea mwendo na kuupeleka mbele, na ikibaki peke yake haifanyi hata moja kati ya hayo. Fundi anayetaka kuendelea namshauri atengeneze kitu kimoja kidogo kinachozunguka kweli, hata kama hakitang'aa.

Kazi mbili za hadharani naziheshimu sana. Ya kwanza ni kituo cha Arts et Métiers cha reli ya chini ya ardhi ya Paris, ambacho mchoraji wa vibonzo François Schuiten alikisanifu upya mwaka 1994: kuta zimefunikwa kwa mabamba ya shaba nyekundu, kuna madirisha ya duara kama ya nyambizi, na juu ya abiria yananing'inia magurudumu makubwa yenye meno. Ya pili ni tembo mkubwa wa Nantes, mji alikozaliwa Verne mwaka 1828. Tembo huyo, aliyeanza kazi mwaka 2007, ana kimo cha mita 12 na uzito unaokaribia tani 50; anatembea, anarusha maji kwa mkonga, na hubeba abiria mgongoni. Verne aliwahi kuandika riwaya kuhusu tembo wa mvuke anayevuta nyumba katika nchi ya India, hivyo damu ya uzao huu ni ya moja kwa moja. Tembo wa Nantes haendeshwi kwa mvuke, lakini viungo vyake viko wazi, waendeshaji wake wanaonekana wakiwa kazini, na mtazamaji anaondoka akiwa amejua mguu wa mashine hunyanyuliwaje. Kwa kipimo changu huyo amepita, na amepita kwa alama za juu.

MCHANGIAJI WA PILI

Mwanzisha uzi, umesema vizuri, lakini kuna jambo linanikera na siwezi kulinyamazia. Enzi ya Victoria ndiyo enzi ya himaya. Watu wanavaa sare za maofisa wa kikoloni, wanavaa kofia ngumu za wagunduzi wa mabara ya wengine, wanakunywa chai na kupiga picha. Sisi wasomaji ambao babu zetu walikuwa upande wa pili wa bunduki hizo tunaalikwa kushangilia nini? Je, utanzu huu si majonzi ya himaya iliyokufa, yaliyopakwa rangi ya shaba?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalizunguka. Zipo kazi nyingi za stimpanki zinazostahili lawama hiyo kikamilifu. Zinachukua meli, kofia na chai, zinaacha nje pamba iliyolimwa na watumwa, mpira uliogemwa kwa mtutu wa bunduki na makaa yaliyochimbwa na watoto, kisha zinakiita kilichobaki umaridadi. Kazi hizo zinaanguka kwenye kipimo changu, kwa sababu zimekataa kuuliza nani anakoka moto.

Lakini ukosoaji huo ulikuwemo ndani ya utanzu hata kabla haujapewa jina. Mwaka 1971 Michael Moorcock alichapisha The Warlord of the Air, ambamo askari Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20 anajikuta katika mwaka 1973 usiofanana na wetu: vita vikuu havikutokea, himaya bado zimesimama, na meli za angani zinapita juu ya miji safi. Mwanzoni anaona amefika peponi. Kadiri anavyosafiri anakutana na waliotawaliwa, na anaelewa pepo ile imejengwa juu ya mgongo wa nani, hadi yeye mwenyewe anaungana na waasi. Sijui kitabu kinachomtega msomaji mwenye majonzi ya himaya kwa ustadi zaidi: kwanza kinampa alichokitamani, kisha kinamfikishia gharama yake.

Kilichobadilika karibuni ni kwamba kalamu imeshikwa na wengi zaidi. Nisi Shawl, mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa Everfair mwaka 2016. Anaingia moja kwa moja katika Dola Huru ya Kongo, ile iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, ambako wanakijiji walikatwa mikono katika utawala wa kukusanya mpira. Katika riwaya hiyo wajamaa wa Kiingereza na wamisionari weusi wa Marekani wananunua ardhi kutoka kwa Leopold na kuanzisha nchi ya hifadhi, na mashine za mvuke zinakuwa silaha ya watu walioibiwa. Waliokatwa mikono wanatengenezewa mikono ya chuma. Naomba uipime picha hiyo, ndugu yangu. Mkono wa mashine, ambao katika kazi nyingi za stimpanki ni pambo la mhusika mwenye mvuto, hapa una sababu ya kuwepo ambayo historia yenyewe iliiandika. Shawl pia hawafanyi wakombozi hao kuwa malaika. Wenyeji wanauliza ni vipi mtu alinunua ardhi kutoka kwa asiyekuwa mwenyewe, na swali hilo linaitikisa nchi changa.

P. Djèlí Clark naye anatupeleka Cairo ya mwaka 1912, katika historia ambamo majini wamerudi duniani miongo kadhaa kabla, ufundi wao umeungana na wa binadamu, Waingereza wametimuliwa, na Misri imekuwa dola kubwa yenye meli za angani na tramu zinazojiendesha. Anza na hadithi yake fupi, A Dead Djinn in Cairo, ya mwaka 2016. Huko hutaalikwa kumshangilia ofisa wa kikoloni.

Siwezi kukuahidi kwamba anayevaa sare ile kwenye tamasha amesoma haya yote. Wapo waliofikiri kwa kina na wapo waliopenda vifungo tu. Ninachokuomba ni usiwaachie utanzu hao wa pili.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba nisaidiwe kutofautisha. Kuna dizelipanki, kuna panki za saa, kuna panki za hariri. Je, zote ni kitu kimoja? Na anayetaka kuanza kusoma aanzie wapi?

MWANZISHA UZI

Tofauti kubwa ni chanzo cha nguvu na enzi. Dizelipanki husogea mbele hadi kipindi kati ya vita viwili vya dunia, chenye mafuta, vifaru na chuma kizito. Panki za saa hurudi nyuma kwenye springi na gia kabla ya mvuke. Panki za hariri ni jina alilolitoa Ken Liu kwa kazi zake, hasa The Grace of Kings ya mwaka 2015, ambamo uhandisi unatumia hariri, mianzi, karatasi na manyoya, kwa kufuata mapokeo ya Asia Mashariki. Hii ya mwisho naipenda kwa sababu haikubadilisha rangi ya mashine tu. Ilibadilisha malighafi, na malighafi ikabadilisha namna watu wanavyofikiri ndani ya hadithi. Matawi mengine ni mengi na mengi yake ni majina tu.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na The Difference Engine. Ni kazi kubwa, lakini imejaa marejeo ya siasa za Uingereza ya wakati ule na huwachosha wageni. Anza na Clark niliyemtaja hapo juu, kisha Moorcock, ambaye kitabu chake ni kifupi, kisha Everfair ukiwa na subira, kwa kuwa ina wahusika wengi na inaruka miaka. Ukishazoea, rudi kwa Gibson na Sterling.

Kwa wapenda filamu za katuni, Wajapani wametendea haki utanzu huu kuliko wengi. Laputa ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1986, inafunguka ndani ya meli ya angani, lakini mara hutushusha katika mji wa wachimba madini, ambako tunaiona mikono ya mvulana anayehudumia injini ya mgodini. Steamboy ya Katsuhiro Otomo, ya mwaka 2004, imewekwa Uingereza ya mwaka 1866, na ndani yake baba na babu wa mvulana mvumbuzi wanagombana kuhusu uvumbuzi wao utumike kwa ajili ya nini. Itazameni hiyo mkiwa mmeshasoma mchango wa ndugu yetu wa boila, kwa sababu vali, geji na mabomba yake yamechorwa kwa uangalifu mkubwa, na mtaona kila bomba linatoka wapi na linakwenda wapi.